Bomba Lilipogoma Nyuma ya Maegesho ya Malori

Siku mliyoniaga kustaafu, baada ya pilau na hotuba, Joyce alinishika mkono mlangoni akaniambia, "Mama Haonga, usiondoke na kila kitu kichwani. Tuandikie." Nilijua anachotaka. Alitaka mwongozo: chimba hapa, pima vile, paka rangi hii. Nimejaribu. Nimekaa mezani hapa nyumbani, kijijini Ruanda, mibuni ya jirani imeanza kuchanua, na kila nikianza kueleza namna ya kuchora ramani ya hatari ya ardhi, najikuta naeleza namna nilivyokosea. Basi someni hivyo hivyo. Habari za vyeo na mishahara sitaandika. Zipo kwenye faili langu, na sidhani kama kuna atakayelifungua.

Nilipoajiriwa nilikuwa nimesomea udongo wa barabara: namna ya kuushindilia, namna ya kujua kama utabeba lori. Barua yangu ilisema nitakuwa kitengo cha ramani za hatari za ardhi. Nilidhani ni maporomoko, nikanunua buti za kupandia milima. Siku ya kwanza nikapandishwa gari tukateremka mpaka Kamsamba, tambarare kama meza, joto la kukausha mate. Huko nikamkuta mchimbaji wa kitengo, Mzee Simkonda, mtu mfupi, vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunjiki kwa sababu ya nyundo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akaziangalia buti. "Umekuja kupanda mlima gani?"

Saa nne asubuhi nilikuwa nimeshazivua, nafanya kazi pekupeku pembeni mwa majaruba ya mpunga.

Mzee Simkonda hakuwahi kukaa darasa la chuo, lakini wahandisi walimsubiri aufinye udongo kiganjani kabla hawajasema neno. Yeye ndiye aliyenifundisha kipimo chetu kikuu, cha kupiga na kuhesabu. Unachimba tundu kwa keekee kubwa ya mkono, unashusha bomba la chuma, kisha unaachia nyundo nzito idondoke juu ya bomba kutoka kimo kile kile kila mara. Unahesabu mapigo mpaka bomba lizame futi moja. Mapigo mengi, udongo umeshikamana. Mapigo machache, udongo umelegea. Unaandika, unachimba kwenda chini zaidi, unapiga tena.

Siku ile tulishusha bomba na kabla hatujainua nyundo likaanza kuondoka lenyewe. Likazama taratibu, kama mtu anayejiteremsha kitandani.

"Niandike nini, mzee?"

"Andika sifuri."

"Lakini hatujapiga."

"Ndiyo maana ya sifuri."

Jioni, kabla hatujafungasha, aliniita kwenye ndoo. Aliijaza mchanga wa pale pale, akamwagia maji mpaka yakaonekana juu, akaweka jiwe kubwa kama ngumi. Jiwe likakaa vizuri. Akaniambia nilikandamize kwa kidole, nikalikandamiza, halikwenda popote. Kisha akaanza kuigonga ndoo ubavuni kwa mpini wa koleo, kwa haraka haraka, na jiwe likazama mbele ya macho yangu. Hakuongeza maji wala hakupunguza mchanga.

"Umekuwa uji?" nikauliza.

"Haukuwa uji. Ulikuwa mchanga na sasa hivi ni mchanga." Akanichukua mkono akanitia vidole ndani ya ndoo. Kweli ulikuwa umeshakaza tena. "Punje zinashikana mabega. Katikati kuna maji. Ukizitikisa zinaachiana, basi mzigo wote unabaki juu ya maji. Na maji hayabebi nyumba."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Miaka mingi baadaye niliwafundisha ninyi kwa ndoo ya namna hiyo, mkaitikia kwa kichwa, nikawatazama, nikajua hamjaelewa. Huu si udongo mbaya unaoweza kuuona na kuukimbia. Ni udongo unaoulima, unaoujengea, watoto wanauchezea, na una tabia nyingine ambayo hutaiona mpaka siku ardhi itakapotikisika. Nilikuwa nalala nikiwaza: kama mchanga ni ule ule na maji ni yale yale, kwa nini dakika moja unanibeba na dakika ya pili unanimeza? Jibu nalijua kwa maneno. Swali halijawahi kuniacha.

Nilifanya kazi na Mzee Simkonda kwa miaka. Tulipotumwa Tunduma tulikuwa tumeshazoeana kiasi cha kutosalimiana sana. Mji ulikuwa umefura. Malori ya kuvuka mpaka yalipanga foleni hadi yakapata maegesho yake, nyuma ya maegesho pakaota mtaa, nyuma ya mtaa pakaota mwingine. Halmashauri ilitaka kujua wapi pajengwe na wapi pasijengwe, kwa sababu tuko kwenye bonde la ufa na matetemeko madogo huku ni kama wageni wasiobisha hodi. Tulipewa ramani tupu na kalamu za rangi tatu. Nyekundu: mchanga uliolegea, maji yako karibu, msijenge. Njano: jengeni kwa tahadhari. Kijani: salama.

Mji ule ulinichanganya kuliko Kamsamba. Bondeni unajua uko bondeni. Tunduma upo juu, udongo wake mwekundu unashika viatu, unadhani mji mzima umekaa juu ya tofali. Kumbe kati ya kilima na kilima kuna vibonde vyenye chemchemi, na watu wamevijaza, wamevisawazisha, wamevijengea. Unatembea mtaa mzima hujui kama uko juu ya kilima au juu ya kijito.

Tundu la kumi na moja tulilichimba nyuma ya maegesho ya malori. Ilikuwa mchana, jua kali, madereva wawili wanagombania nafasi na kupigiana honi. Mita tatu za kwanza zilikuwa mfinyanzi mwekundu mgumu, mapigo mengi mazuri, ninaandika kwa furaha. Halafu bomba likasimama. Tukapiga, nyundo ikaruka. Tukapiga tena, ikaruka tena. Mzee Simkonda akaweka kiganja ubavuni mwa bomba, nikapiga mara ya mwisho, akakiacha pale kidogo.

Sasa hapa nisomeni kwa uangalifu, kwa sababu mimi mwenyewe nimeparudia mara nyingi. Nakumbuka alisema, "Mwamba." Nakumbuka nikamwuliza, "Mwamba hapa, mzee?" na nakumbuka akifuta jasho, akisema tufungashe. Niliandika kwenye daftari: mita tatu, mwamba. Utaratibu ulitaka tuchimbe tundu la pili hatua chache pembeni ili kuhakikisha. Gari lilikuwa linahitajika kwingine. Hatukuchimba. Nyuma ya maegesho pakapakwa kijani.

Ng'ambo ya maegesho, upande wa chini, tundu la kumi na mbili lilitoa mchanga laini na maji. Mapigo manne, matatu. Nyekundu bila ubishi. Na katikati ya ile nyekundu ilikuwepo nyumba ya Mama Nanyinza.

Mama Nanyinza alikuwa mjane, anauza maharage na dagaa sokoni, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja kutoka upande wa pili wa mpaka. Dada yake aliolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na yeye alichanganya Kinamwanga, Kibemba na Kiswahili bila kuomba radhi. Ramani ilipotoka, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba kwenye nyekundu na kueleza. Nilimkuta anachambua maharage barazani.

"Mulishani," akanisalimia kwa Kibemba, kisha akaiona kofia yangu ya serikali akabadilisha. "Karibu, mwanangu. Umekuja kuvunja?"

"Sijaja kuvunja mama. Shikamoo. Nimekuja kueleza habari za ardhi."

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua.

"Nyumba hii mume wangu aliijenga kwa mikono yake," akasema. "Imesimama wakati wote. Haina hata ufa."

"Ni kweli mama. Lakini tetemeko kubwa bado halijaja."

"Kwa hiyo unanihamisha kwa sababu ya kitu ambacho hakijaja."

"Ndiyo, mama."

Akacheka, si kwa dharau. "Na huko mnakonipeleka mmepaona chini kukoje?"

"Tumepaona. Nyuma ya maegesho, chini ni mwamba."

Nililisema kwa mdomo wangu, kwa uhakika, kama mtu aliyeushika. Alinitazama muda mrefu, halafu akasema, "Mimi sijui kusoma ramani yako. Nakusoma wewe. Kama ni mwamba, nitakwenda."

Akaenda. Halmashauri ilimpa kiwanja nyuma ya maegesho, wanawe wakamjengea vyumba vitatu na jiko. Alinialika siku ya kuhamia. Nilikula ugali na dagaa nikijisikia mtu wa maana.

Tetemeko lilikuja kiangazi kilichofuata, asubuhi, watu wakiwa sokoni na shuleni. Sikuwa nimewahi kusikia kubwa vile. Ofisini rafu ya sampuli ilitembea kutoka ukutani kama inataka kutoka nje. Lilipotulia jambo la kwanza nililofikiri lilikuwa nyekundu yetu. Nikamshukuru Mungu kwamba nusu ya watu wake tumeshawahamisha. Nilikuwa nimeshashika funguo za gari mwenyekiti wa mtaa aliponipigia.

"Njoo. Ardhi inatapika."

"Upande wa chini?"

"Hapana. Kwa Mama Nanyinza."

Nilimwambia atakuwa amekosea, aangalie tena. Akakata simu.

Nilipofika nilisimama nje ya uzio nikashindwa kuingia. Uwanja mzima ulikuwa umejaa vichuguu vidogo vya mchanga wa kijivu, kila kimoja na tundu katikati, na matundu mengine bado yanatoa maji. Harufu ilikuwa ya tope la zamani, la kinamasi. Nyumba ilikuwa imezama pembe moja, imelala kama ng'ombe anayetaka kuinuka. Sakafu ya jiko ilikuwa imepasuka na mchanga umepanda mpaka kwenye mafiga. Mama Nanyinza alikuwa amekimbizwa hospitali. Mlango ulimwangukia akitoka, ukamvunja mkono. Nilivuka maegesho kwenda upande wa chini, kwenye nyekundu. Nyumba yake ya zamani ilikuwa imesimama. Haina hata ufa. Kuku wanadonoa barazani.

Nilirudi juu, nikateremka tena, nikarudi juu tena. Nilifikiri labda nimeishika ramani kichwa chini. Nawaambia kweli, niliitoa garini nikaigeuza.

Hospitalini alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa. Dada yake wa Nakonde alikuwa pembeni, hakunisalimia. Nilisimama miguuni mwa kitanda.

"Pole, mama."

"Asante." Alikuwa mtulivu, na hilo liliniumiza zaidi. "Nikuulize kitu kimoja. Ulinitoa kwenye usalama ukanipeleka kwenye hatari?"

"Sijui, mama."

"Ulisema mwamba."

"Nilisema."

"Mwamba unatoa maji?"

Dada yake akasema kwa Kinamwanga kitu ambacho mimi Mnyiha nilikielewa nusu, na ile nusu ilinitosha. Nikatoka.

Wiki ile tuliazima mashine ya kuchimbia, ile inayokata mawe, tukarudi tundu la kumi na moja. Mita tatu za mfinyanzi mwekundu, kama zilivyoandikwa. Kisha jiwe. Mashine ikalikata jiwe kwa muda usiozidi wa kunywa chai, ikatokea upande wa pili, na bomba likashuka kwa mapigo mawili. Mchanga wa kijivu, laini, maji tele. Hapakuwa na mwamba. Palikuwa na tabaka la mawe, na chini yake kijito.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja na mzee mmoja mkazi wa siku nyingi. Mzee yule akatueleza bila hata kufikiri kwamba pale zamani palikuwa na kijito cha matete. Waliposawazisha kwa ajili ya malori walimwaga mawe kwanza ili magari yasizame, halafu wakafunika kwa udongo mwekundu kutoka kilimani. "Kila mtu wa zamani anajua," akasema. Mama Nanyinza hakujua kwa sababu aliolewa akaja baadaye. Sisi hatukujua kwa sababu hatukuuliza. Tulikuwa na nyundo, bomba na vyeti, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukaa na mtu kumwuliza hapa palikuwa na nini.

Hilo nililielewa. Lile la upande wa chini sikulielewa. Tulichimba tena tundu la kumi na mbili: mchanga ule ule uliolegea, mapigo manne, matatu. Kwa kila hesabu tunayoijua, ilipaswa kutapika. Mkuu wetu alisema ni kiangazi, maji yalikuwa yameshuka upande ule. Joyce, wakati huo mgeni kazini, alisema labda mchanga wake una mfinyanzi kidogo unaoushika. Mimi nilipima maji, nikapima mchanga, nikaona kila mmoja ana ukweli kidogo, na hata nikizijumlisha kweli hizo hazitoshi. Mpaka leo sijui kwa nini nyumba ile ilisimama.

Kabla ya kikao cha kueleza wananchi, nilikwenda Msangano kumwona Mzee Simkonda. Alikuwa ameshastaafu, analima mahindi na alizeti. Nilimkuta anapukuchua. Nilimweleza yote, akasikiliza huku vidole vyake viwili vigumu vimenyooka.

"Mzee, ulisema ni mwamba."

Akaacha kupukuchua. "Mimi sikusema mwamba. Nilisema imegoma."

"Ulisema mwamba, mzee. Nikakuuliza, mwamba hapa?"

"Binti Haonga, mimi nimepiga bomba tangu hujazaliwa. Bomba likisimama nasema imegoma. Wewe ndiye uliyeandika mwamba."

Nilitoa daftari. Mwandiko ni wangu, wino ni wangu: mita tatu, mwamba. Tukalitazama wote wawili kama vile litaongea. Nilikuwa na hakika na nilichokumbuka. Yeye pia alikuwa na hakika, na hajawahi kunidanganya. Tulikaa pale mpaka mkewe akaleta togwa. Mwishowe akasema, kwa sauti ya chini, "Kiganja changu kilihisi. Bomba halikulia kama mwamba. Lilikuwa na kitu kama uwazi. Lakini jua lilikuwa kali, na gari lilikuwa linaitwa." Akaanza kupukuchua tena. "Hata kama nilisema mwamba, ningelipaswa kusema imegoma."

Nikaondoka nikiwa sijui zaidi ya nilivyokuja. Kitu kimoja tu nilikibeba, nanyi mmekisikia kwangu mara nyingi mpaka mkaanza kuniigiza: andika bomba limefanya nini, usiandike unadhani limekutana na nini.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa shule. Mkuu wetu alikuwa ameniandikia maneno ya kusema: tetemeko lilikuwa la aina yake, hakuna ramani ambayo ingelitabiri. Hayakuwa uongo mtupu. Nilisimama nikasoma mstari wa kwanza, nikamwona Mama Nanyinza mstari wa mbele, mkono umening'inizwa kwa khanga. Nikaikunja karatasi.

"Tundu la nyuma ya maegesho nililiandika mimi," nikasema. "Niliandika mwamba. Haukuwa mwamba. Tulipaswa kuchimba tundu la pili, hatukuchimba. Tulipaswa kuwauliza, hatukuwauliza."

Kukawa na kelele. Mtu mmoja akataka nifukuzwe, mwingine akataka ramani ichomwe pale pale. Mama Nanyinza akanyanyua mkono wake mzima, wakanyamaza.

"Kwa hiyo nirudi kwenye nyumba yangu ya zamani?" akauliza.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu kuliko siku zote. Nilikuwa nimetoka kukiri kwamba nimekosea, na jibu la kweli lilikuwa lile lile alilolichukia mwanzo.

"Hapana, mama. Kule bado ni hatari."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Yeye hakucheka.

"Juu si salama, umekiri. Chini kumesimama, unasema si salama. Mwanangu, niende wapi?"

"Sijui bado," nikasema. "Nipe nafasi nitafute. Na safari hii uje uone mwenyewe."

Siku ya tatu mkuu wetu aliniita, nikadhani ni barua ya kufukuzwa. Alinionyesha ramani akauliza nataka kuirekebishaje. Nikamwomba kalamu ya rangi ya nne, ya kijivu, kwa ajili ya kila mahali tulipochimba tundu moja tu, au bomba liligoma tusijue limegomea nini. Akasema ramani haina rangi ya sijui. Tukabishana siku mbili. Kijivu ikaingia, na tulipomaliza kuipaka ilikuwa imekula karibu nusu ya mji. Ilikuwa aibu kubwa, lakini wafanyakazi wa mipango miji walianza kutupigia simu kuuliza kabla ya kugawa viwanja, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya tulipokuwa na uhakika.

Mama Nanyinza alirudi kwenye nyumba yake ya zamani akisubiri. Nilipita kila wiki, na kila wiki nilimwambia pale si salama, naye kila wiki alinipa chai. Ukoo wa marehemu mumewe ulikuwa na kipande cha ardhi juu kilimani, nje kidogo ya mji, wakakubali kumwachia. Tukaenda kuchimba, na yeye akaja na kigoda chake, akakaa hatua tatu kutoka kwenye bomba. Tulipoanza kupiga, akaanza kuhesabu kwa sauti pamoja nami.

Mita mbili, bomba likasimama. Nyundo ikaruka.

Wote wakanitazama. Joyce alikuwa ameshika daftari, kalamu iko tayari.

"Andika imegoma," nikasema.

"Imegomea nini?" Mama Nanyinza akauliza.

"Sijui."

Tukahama hatua tano, likagoma. Tukahama kumi, likagoma. Mara ya nne likashuka zaidi kabla ya kugoma, na mimi nikaanza kuchanganyikiwa upya, kwa sababu mwamba hushuka na kupanda, lakini mawe ya kumwagwa pia hushuka na kupanda. Siku ya tatu nikasema tuache bomba. Tukachimba shimo la mtu kuingia, tukaliwekea mbao pembeni lisiporomoke, nikateremka kwa ngazi mimi mwenyewe, na magoti yangu haya. Chini nilifagia udongo kwa ufagio wa jikoni. Nikagonga kwa nyundo ndogo, nikasogea, nikagonga. Jiwe lilikuwa moja, kutoka ukuta hadi ukuta wa shimo, na mishipa yake ilipita bila kukatika. Nililala juu yake kifudifudi nikiitafuta nafasi hata ya kuingiza kisu. Sikuiona.

"Umeona nini?" Mama Nanyinza aliita kutoka juu.

"Teremka uone, mama."

Joyce alitaka kupinga. Mama Nanyinza alikuwa ameshaanza, mkono uliopona juzi umeshika ngazi, khanga ameifunga kiunoni. Tulibanana mle chini. Alipiga magoti, akapitisha kiganja kwenye lile jiwe, akalipiga kwa ngumi, akalisikiliza.

"Hili ndilo?"

"Naamini ndilo."

"Hujui?"

"Nimeona hapa tulipo. Pembeni kuna matundu manne yaliyogoma. Naamini."

Akafikiri. "Mara ya kwanza ulijua," akasema. "Safari hii unaamini. Afadhali." Akaniambia nimsukume kiunoni apande.

Nyumba ilijengwa pale kabla ya masika. Mzee Simkonda alifariki mwaka huo. Nilikwenda kumzika Msangano, na mkewe akanikabidhi nyundo yake ndogo bila kueleza kwa nini, nami sikumwuliza. Nilibaki kazini miaka mingine kadhaa. Tulifuta kijivu kidogo kidogo, tundu kwa tundu, na mara mbili ilitulazimu kurudisha kijivu mahali tulipokuwa tumeshapaka kijani. Nyumba ya zamani ya Mama Nanyinza, ya upande wa chini, waliivunja wanawe kwa ajili ya tofali, ikiwa bado haina ufa.

Mwezi uliopita, nikiwa sasa mstaafu asiye na kofia, nilikwenda kumtembelea Mama Nanyinza kilimani. Tulikuwa sebuleni, ametoa mihogo na chai, ananisimulia harusi ya mjukuu wake Nakonde, ndipo vikombe vikaanza kulia juu ya meza. Lilikuwa tetemeko dogo. Tukatazamana. Sote wawili tukatazama sakafu, kona hadi kona, tukisubiri kuona kitakachofanyika. Sakafu haikufanya kitu.

"Limekwisha?" akaniuliza kwa kunong'ona.

"Sijui, mama. Tutoke nje kwanza."

Akachukua sahani ya mihogo, mimi nikachukua birika, tukatoka.